Mimi Chumvi

Kambo Domitille, bibi wa watoto wa dada yangu, alipofika na meli kutoka Mpala hakukaa kwanza kwenye kiti nilichomwekea. Alisimama mlangoni na tenga lake la mihogo kichwani, akaangalia ndani, akageuka kuangalia uwanja wetu, ambao kwa hatua kumi na moja unakuwa umekwisha, kisha akauliza:

"Mado eko wapi?"

"Chini ya kitanda," nikasema.

"Anaumwa?"

"Anacheza."

Kambo akashusha tenga chini. "Mutoto anacheza chini ya kitanda," akasema, na hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na lile tenga. "Kama panya."

Haikuwa uongo. Nyumba yetu ya Kataki ilikuwa karibu na barabara ya malori, na dada yangu mkubwa, Yaya Cécile, alikuwa amekataza kabisa mtoto kucheza mbele ya nyumba. Yeye alishinda sokoni akiuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa wanaokaushwa juu ya mchanga. Mume wake, Papa Évariste, mtoto wa Kambo, alifanya kazi kwenye treni, na alilala Kabalo zaidi kuliko alivyolala kwake. Watoto walibaki na mimi: Jérôme miaka kumi, Séraphine minane, Mado mitano. Wa nne alikuwa Néhémie wa jirani, ambaye kila asubuhi alikuja kwetu kama jua na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Jioni ile, tukila bukari, ugali wetu wa mihogo, Kambo akatoa neno lake.

"Bato ya Mpala inarudi Jumatatu ya wiki ile ingine. Mado nitarudi naye. Atakaa kwangu."

Hakuwa anaomba. Yaya Cécile aliangalia sahani. Mke hamwambii mama ya bwana wake hapana, na bwana mwenyewe alikuwa Kabalo.

"Kule kuna nafasi," Kambo akaendelea. "Mutoto anakimbia mupaka anaanguka na usingizi. Hapa munamufuga kama kuku ya tenga."

"Lakini tunatokaka, Kambo," Séraphine akasema. "Mama Mudogo anatutembezaka."

Mama Mudogo ni mimi. Kambo akanigeukia na tonge mkononi.

"Anawatembeza? Kama ndakala ku karai?"

Tukacheka, isipokuwa Kambo mwenyewe, kwa sababu kutembeza ndiyo kazi anayofanya Yaya soko likilala: anapanga ndakala kwenye karai, anapita nazo mlango kwa mlango. Yaya naye akacheka. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Mado, na haukutoka pale mpaka sahani zikaondolewa.

Niliuona ule mkono. Nikamwambia Kambo, polepole, kwa heshima:

"Kambo, mbele ya ile bato kuna siku kumi. Kuja utembee na sisi. Kama utaona bado tuko kuku, basi."

"Mimi? Kutembea bila kazi?"

"Bila kazi, na bila kutoa likuta moja."

Akatafuna kidogo. "Hiyo ya bila likuta," akasema, "njo inanifurahisha."

*

Watu wanafikiri kutoa watoto ni kufungua mlango. Ingekuwa hivyo, kila mtu angetoka. Mimi nilikuwa na kaye yangu ya kalasi ya sita, daftari iliyobaki na kurasa nyingi nyeupe, na nyuma yake niliandika mahali pote pa mji ambapo mtoto anaweza kwenda bure. Mbele ya kila jina niliandika mambo matatu: kivuli kiko wapi, maji ya kunywa tutaomba kwa nani, na mtoto akibanwa na haja ataenda wapi. Mahali pazuri pasipo na kivuli saa nane ya mchana si mahali, ni azabu.

Tulitoka tumekula. Hiyo ilikuwa sheria. Mtoto mwenye njaa haoni ziwa, anaona mandazi. Na hatukupita njia ya sokoni hata siku moja, ingawa ni fupi, kwa sababu ya wale mama wa mandazi wenye sauti tamu. Tulizunguka nyuma ya misheni. Miguu inachoka, lakini masikio yanapumzika.

Halafu kuna kazi ya kutopoteza mtu. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kitambaa. Yaya alikuwa na kitenge cha chama, kile cha kijani cha sherehe za serikali, kilichotoboka pale anapokalia. Nilikikata vipande, kila mtoto akafungwa chake shingoni. Hata katikati ya watu mia, kijani ninakiona.

La pili, wimbo. Tulitembea mustari mmoja, wote wameshika kamba moja ya wavu, na mimi nyuma nikiimba:

"Ndakala wangu, muko mu tenga?"

Jérôme wa mbele anajibu: "Mimi kichwa!"

Séraphine: "Mimi macho!"

Néhémie: "Mimi mukia!"

Na Mado wa mwisho, kwa sauti inayotoka puani: "Mimi chumvi!"

Halafu wote: "Tenga imejaa, twende!"

Jibu moja likikosa, ninajua nani hayuko, hata kama sijageuka. Nilikuwa siwahesabu kwa macho tu, niliwahesabu kwa masikio.

Mama Générose, mama yake Néhémie, mtu wa upande wa Baraka kule juu ya ziwa, alikuwa akituona tukipita anashika kiuno. "Jeshi ya Adolphine inatoka!" anapiga kelele. "Leo munapiga inchi gani?"

"Tunapiga gari ya moshi, Mama Générose!"

"Mukishinda muniletee makaa!"

*

Safari ya kwanza niliwapeleka stesheni kuona treni ikiingia. Mpala hakuna treni. Nilifikiri: hapa Kambo atafungua mdomo.

Tulikaa chini ya ukuta upande wa kivuli. Treni ilikuwa ifike saa tisa. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Watoto hawakujali, walikuwa wanaweka masikio juu ya chuma cha reli na kudanganyana. "Nasikia! Iko Niemba!" "Muongo, hiyo ni tumbo yako!" Kambo alisinzia. Saa kumi na moja na nusu treni ikaingia na kelele yake yote na moshi wake wote, watu wakakimbia, mbuzi wakashushwa, mama mmoja akashushwa dirishani, na Kambo akalala usingizi wa haki mpaka mwisho. Tulipomwamsha aliangalia mabehewa yaliyosimama kimya.

"Njo hii? Mbona haitembei?"

Safari ya pili tukaenda pale Lukuga inapotoka ziwani. Mwalimu wetu wa kalasi ya tano alituambia maji ya ziwa letu hayana mlango mwingine, ni huo tu, na kwamba yanaenda mpaka bahari. Kila mtoto alikuwa na kipande cha bua la muwa. Unalitupa toka mbali na matete, kwa sababu matete ni ya kiboko, unalitazama linavyosita, halafu linashikwa na kwenda. Wa nani atafika bahari kwanza? Walibishana mpaka jua likashuka.

Kambo alisimama na mikono nyuma. "Maji," akasema. "Mumenitembeza saa nzima kuniletea maji. Mimi natoka Mpala, binti. Maji njo jirani yangu."

Safari ya tatu, Ijumaa, kilima chenye mizinga ya vita ya wazungu. Watoto walipanda juu ya chuma ile kama farasi.

"Mpala tuna milima," Kambo akasema, akihema. "Na hakuna wa kukulazimisha kuipanda."

Usiku huo niliandika kwenye kaye: Kambo, hapana, hapana, hapana. Ilibaki Jumamosi, halafu Dimanche ya misa, halafu Jumatatu ya meli. Na Mado alikuwa ameanza kuuliza kama kule Mpala kuna vitanda, ili ajue atachezea chini ya nini. Yaya Cécile alisikia swali hilo, akaenda nje kupanga tena ndakala zilizokuwa zimepangwa.

*

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, kama kila Jumamosi. Safari ile tulipewa kufagia barabara ya bandari, kwa sababu mukubwa mumoja wa serikali kutoka Lubumbashi alikuwa anakuja mchana. Nilifagia na wenzangu. Kambo alikuja kuangalia.

"Nyie munafagia vumbi munapeleka wapi?"

"Upande wa pili, Kambo."

"Na wa upande wa pili?"

"Nao wanatuletea."

Kambo akacheka mara ya kwanza tangu afike. Nikaweka hiyo moyoni.

Mchana, baada ya kula, tukatoka. Mpango wangu ulikuwa mdogo tu: tukae nje ya uzio wa bandari, pale kwenye kivuli cha magodauni, tuone winchi ikinyanyua mizigo. Ndani hakuna anayeingia bila barua, hiyo kila mtu anaijua. Kwa kuwa watu walikuwa wengi njiani, nilimtoa Mado kwenye kamba nikamweka mkononi mwa Kambo.

"Kambo, huyu njo wako leo."

"Huyu njo wangu siku zote," akajibu, na akamshika imara.

Kambo naye alitaka kitambaa. Alisema jua linampiga kichwa, lakini niliona alivyokuwa anaangalia vile vya watoto. Nilikuwa na kipande kimoja kimebaki. Akajifunga kichwani, vizuri sana, na pindo juu ya sikio.

Basi tukafika karibu na mlango wa bandari: mustari, kamba, shingo za kijani, mama mzee wa kilemba cha kijani, na wimbo. "Ndakala wangu, muko mu tenga?" "Mimi kichwa!" "Mimi macho!"

Mlinzi mmoja akatoka mbio. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mfuko wa shati: Banza.

"Nyinyi njo Kataki?"

"Ndiyo," nikasema. Tulikuwa tumetoka Kataki. Angeniuliza jambo lingine ningejibu lingine.

"Sasa munachelewa hivi ju ya nini? Kindu wamefika, Lubuye wamefika, mukubwa amekaa, na animasyo ya Kataki inakuja na miguu ya kinyonga! Muko wane tu?"

Hapo nikaelewa. Kila kartye, kila mtaa, ilikuwa imetakiwa kuleta animasyo yake, kikundi cha kumwimbia na kumchezea yule mukubwa, na huyu bwana alikuwa anaona kijani, mustari na wimbo. Ningeweza kusema, hapana, sitwayeni, mwananchi mwenzangu, sisi tunatembea tu. Niliangalia uzio. Niliangalia ile winchi nyuma yake, ndefu kama mnazi. Niliangalia watoto wangu, ambao walikuwa wameacha kupumua.

"Wengine wanakuja," nikasema. Na hiyo nayo haikuwa uongo kabisa, kwa kuwa animasyo ya kweli ya Kataki bila shaka ilikuwa njiani mahali fulani.

Banza akatoa karatasi. "Majina. Mbio mbio. Mama, wewe nani?"

"Domitille," Kambo akasema.

"Hiyo jina ya kizungu iliisha, sitwayeni mama. Tunaandika majina ya kizairwa."

"Iliisha kwako. Yangu haijaisha. Niko nayo tangu maji ya ubatizo, Mpala, na bado inafanya kazi."

"Mama, tafazali..."

"Andika Domitille, ama andika Kambo. Mimi nasimama hapa, wewe unachelewesha mukubwa yako."

Banza akaandika Kambo. Tukaingia.

*

Sitasahau ile bandari kwa ndani. Mifuko ya pamba imepangwa kama nyumba, reli zinaingia mpaka mdomo wa maji, harufu ya mafuta na ya samaki na ya kamba zilizolowa, na meli nyeupe imefungwa pale pale, ukinyoosha mkono unaigusa. Winchi ilikuwa inazunguka polepole, na chini yake sanduku linaning'inia kama mtoto mgongoni. Jérôme alisema tu, "Mama Mudogo. Mama Mudogo."

Lakini hatukupewa nafasi ya kutazama. Mwanaume mmoja wa abakosti, ile suti ya watu wa chama, mwenye filimbi, akatushika mabega. "Kataki! Mbele! Sasa!"

Mbele kulikuwa na viti, na juu ya kiti kikubwa mukubwa mwenyewe, mtu mnene mwenye uso wa kuchoka. Ilionekana alikuwa ameimbiwa tangu asubuhi. Lubuye walikuwa wanatoka, vijana thelathini wanatoka jasho. Na sisi tulikuwa watoto wanne, mimi, na mama ya Papa Évariste.

Wimbo wa chama hatukuwa nao. Tulikuwa na mmoja tu.

"Ndakala wangu," nikaanza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama ndakala yenyewe, "muko mu tenga?"

"Mimi kichwa!" Jérôme akapiga kelele kama askari.

"Mimi macho!"

"Mimi mukia!" Néhémie akatingisha matako, jambo ambalo hakufundishwa na mimi. Watu wakacheka. Yule mukubwa akafungua jicho la pili.

"Mimi chumvi!" Mado, mkononi mwa Kambo.

"Tenga imejaa, twende!"

Basi ngoma za Lubuye zikatudaka. Wapigaji walikuwa bado hawajaondoka, na wimbo ulikuwa mwepesi. Tukarudia mara ya pili, ngoma zikiwa chini yetu. Na hapo Kambo Domitille, mtu wa milima na maji, mtu ambaye kwa siku zote hizo hakufungua mdomo ila kwa kusema hapana, akaingia kati. Akaweka mikono kiunoni. Akaanza kucheza ile ya zamani ya kwao, mabega kwanza, halafu shingo, halafu kitu kingine chote kikafuata. Watu wakasimama. Mama mmoja wa Kindu akapiga vigelegele. Mwanaume wa filimbi akasahau filimbi mdomoni, ikawa inalia yenyewe kila anapopumua.

Mara ya tatu.

"Ndakala wangu, muko mu tenga?"

"Mimi kichwa!"

"Mimi macho!"

"Mimi mukia!"

Kimya.

Ngoma zilikuwa zinalia, watu walikuwa wanapiga makofi, lakini mimi nilisikia kimya tu. Mikono miwili ya Kambo ilikuwa kiunoni. Mkononi mwake hapakuwa na mtu.

Sikusimama. Ningesimama, watu wote wangekuja kusaidia, na mtoto wa miaka mitano akiona watu wote wanamkimbilia karibu na maji, anarudi nyuma. Ukingo wa bandari hauna ukuta. Niliendelea kuimba. Nilirudia mwanzo, nikigeuza uso upande wa mifuko ya pamba: "Ndakala wangu, muko mu tenga?" Watoto wangu wakajibu. Séraphine alikuwa ameshaona, nilijua kwa jinsi sauti yake ilivyopanda. Kichwa, macho, mukia. Kimya.

Nikageuka upande wa reli. Nikaimba kwa nguvu zaidi. Kichwa, macho, mukia. Kimya.

Watu walifikiri ndivyo wimbo ulivyo. Walianza kungoja kile kimya, na kikifika wanacheka. Mukubwa akainama mbele. "Na chumvi?" akauliza. "Chumvi iko wapi?"

Kambo akasikia. Akaangalia mkono wake. Mabega yakashuka yote mawili, na nikaona uso wake unazeeka pale pale, chini ya kile kilemba cha pindo zuri.

Nikageuka upande wa mwisho uliobaki, upande wa maji. Nikaimba.

"Mimi kichwa!"

"Mimi macho!"

"Mimi mukia!"

Na kutoka juu, juu kabisa, kwenye meli nyeupe, sauti ya puani ikajibu:

"Mimi chumviii!"

Alikuwa kwenye sitaha, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, karibu na mpishi wa meli, na mkate mkononi. Alikuwa amepanda ngazi peke yake kama abiria. Na kitambaa cha kijani shingoni.

Watu wakapiga kelele kama wameona mpira umeingia golini. Mukubwa alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe chumvi wameiweka ku bato!" akasema, na wote waliokuwa pembeni yake wakacheka kwa sababu yeye amecheka, halafu wakacheka kweli. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi. Nilipanda, nikambeba Mado, nikashuka naye.

"Ulisikia tangu mara ya kwanza?" nikamwuliza sikioni.

"Nilisikia."

"Na haukujibu?"

"Nilikuwa natafuna."

*

Tulipewa kila mmoja mkate na chupa ya Fanta. Animasyo ya kweli ya Kataki ilifika wakati sisi tunatoka, vijana ishirini na ngoma zao, na Banza alikuwa mlangoni anasoma karatasi yake tangu juu mpaka chini, tangu chini mpaka juu. Sikungoja amalize kusoma.

Njia nzima Kambo alimshika Mado kwa mikono miwili, hata ilikuwa shida kutembea. Chupa yake ya Fanta aliiweka ndani ya kitenge bila kuifungua.

Nyumbani, Yaya Cécile alikuwa anasonga bukari. Watoto waliingia wote wakisema kwa wakati mmoja: winchi, meli, mukubwa, Fanta, na katikati ya hayo Néhémie akasema, "Na Mado akapotea!"

Mwiko ukasimama. Yaya akaniangalia mimi. Hakuna mtu mwingine wa kuangaliwa, mimi ndiye mwenye kutembeza.

"Alipotea namna gani?"

Jérôme akafungua mdomo. "Ni Kambo ali..."

Nikamkanyaga mguu. Mtu mzima haaibishwi na mtoto mbele ya mke wa mwanawe. Nikajiambia: basi, Adolphine, Jumatatu Mado ataenda, na ni wewe utakayemfungia mzigo. Niliangalia chini.

"Wacha kumukanyaga mutoto," Kambo akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kile kiti ambacho siku ya kwanza hakukikalia. Alifungua kilemba, akakiweka juu ya magoti, akakinyoosha na kiganja.

"Alikuwa mu mukono yangu, Cécile. Nilimuachia, ju ya kucheza ngoma. Mimi, na mvi hizi. Huyu binti hakupoteza mutoto. Huyu alimuita na wimbo, mutoto akajibu. Sijaona mambo ya namna ile."

Bukari ilianza kuungua chini.

"Kule Mpala," akaendelea, polepole, "niko na mbuzi sita, na macho mawili yenye hayaone vizuri. Nikikosa mbuzi, napiga kelele mupaka giza. Mutoto nikimukosa, nitaimba nini?" Akamwangalia Mado, ambaye alikuwa tayari amelala sakafuni, mkate kifuani. "Nilikuja nikifikiri munamufunga. Kweli munamufunga. Lakini na kamba yenye inaimba."

Yaya Cécile akageukia chungu haraka sana. Akasonga bukari ile kwa nguvu, kama ilikuwa imemkosea.

"Sasa," Kambo akasema, na sauti yake ya zamani ikarudi, "kuna kitu kimoja haiko sawa mu ile wimbo yenu. Kichwa iko, macho iko, mukia iko, chumvi iko. Ndakala gani inakuliwa bila bukari?"

Watoto wakaangaliana.

"Mimi bukari," Kambo akasema. "Wa mwisho. Nyuma ya chumvi."

*

Jumatatu meli ya Mpala iliondoka bila Kambo. Alisema hawezi kwenda kabla hajaona ile treni ikitembea, kwa sababu mtu akimwuliza nyumbani atajibu nini, kwamba treni ni kitu kinachosimama? Tukarudi stesheni. Nilimkalisha kwenye kivuli, na kila alipofumba macho Séraphine alimfinya. Treni ilipoingia alirudi nyuma hatua tatu na kushika ukuta. "Yesu wangu," akasema. "Na Évariste anapanda juu ya hii kila siku? Na hakuniambia?"

Aliondoka Alhamisi, na mtumbwi wa mashine uliokuwa unapeleka chumvi na sabuni upande wa kusini. Tulimsindikiza mchangani sote, Yaya pia. Siku ile hakwenda sokoni kabisa. Kambo alikaa juu ya gunia, chupa ya Fanta ikiwa kwenye mapaja, bado imejaa. Atawaonyesha watu wa Mpala, alisema, halafu atawaonjesha kwa kijiko.

Mama Générose alikuwa anafua pale. "Jeshi imepoteza mukubwa wake!" akapiga kelele. Néhémie akamwambia mama yake anyamaze, tunahesabu.

Mtumbwi ukasukumwa. Mashine ikawaka. Nikawapanga watoto wote wanne juu ya mchanga, Mado wa mwisho, na nikaimba kwa nguvu ili wimbo umfikie.

"Ndakala wangu, muko mu tenga?"

"Mimi kichwa!" Jérôme akasema.

Na kabla Séraphine hajavuta pumzi, kutoka majini, juu ya kelele ya mashine:

"MIMI BUKARI!"

Hakungoja zamu yake. Ikabidi tuanze upya.